Mchicha wa mbuyu unaishia kwenye jembe

Hata mbuyu ulianza kama mchicha. Tunaisema methali hii kwenye mahafali, kwenye vikao vya vikoba, kwenye uzinduzi wa duka lenye makopo kumi ya rangi. Huo mchicha wenyewe wengi wetu hatujawahi kuuona. Mimi nilionyeshwa nikiwa mtu mzima, katika shamba la alizeti wilayani Kongwa, na nilikuwa nimebakiza hatua moja kuukanyaga.

Mche wa mbuyu haufanani na mama yake. Jani la mbuyu mkubwa limechanua kama kiganja na vidole vyake. La mche ni jani moja zima, la kawaida kabisa, na ukilikuta katikati ya magugu ya Januari huna sababu ya kulitazama mara mbili. Mwenye shamba, mzee wa makamo ya baba yangu, ana mibuyu saba ndani ya ekari nne. Nilimuuliza upi ni mdogo kuliko yote. "Mwanangu, yote niliikuta. Na baba yangu aliikuta." Kisha akainama kando ya mstari wa alizeti, akatenga nyasi kwa vidole, akanionyesha kijimti cha urefu wa shubiri. Nikamuuliza atakifanyaje. "Mimi nakijua. Vibarua hawakijui, na siwezi kusimama nyuma ya kila jembe. Kikipona jembe, kuna mbuzi."

Msimu huohuo mzee alikuwa ameuza mabuyu. Gari la mnunuzi lilifika hadi kijijini, magunia yakashindiliwa na kuongezewa kilemba juu, lumbesa kama kawaida, pesa ikalipwa papo hapo. Hakuna aliyemuuliza habari za kijimti.

Nimelianza jambo kwa kijimti hicho kwa sababu kuna hadithi inayopendwa sana kwenye warsha za mazingira. Inasema hivi: tengeneza juisi, jamu, unga na mafuta kutokana na matunda ya porini, mkulima aone faida, naye ataacha kukata miti, miti ikibaki, ndege, nyuki na popo watabaki, na shamba litakuwa na uhai wa aina nyingi, ile inayoitwa bayoanuwai. Hadithi nzuri, na mimi mwenyewe niliwahi kuiandika hivyohivyo bila kuuliza maswali. Siku hizi naiuliza swali moja: bidhaa inamlipa nani, na kwa kazi ipi? Kwa sehemu kubwa inalipia tunda lililokomaa juu ya mti mkubwa. Mche hailipii. Mti dume hailipii. Popo anayechavusha maua ya mbuyu usiku hana gunia lake kwenye gari.

Tuanze na mbuyu wenyewe, kwa kuwa ndio uliokwenda mbali. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya, na mwaka 2009 Marekani ikafuata. Kitu ambacho sisi tulikijua kama vipunje vyekundu vya kumumunya, vyenye sukari, iliki na pilipili kidogo, vinavyopaka ulimi rangi mpaka mwalimu akajua ulikuwa wapi wakati wa mapumziko, kikageuka unga mweupe wa kuchanganya na maziwa mtindi kwa watu wanaohesabu vitamini. Dodoma, Iringa, Kitui, Makueni na Kilifi wakapata wanunuzi wapya. Hilo ni jambo jema, sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni pale tunaposema biashara hiyo ndiyo iliyouokoa mbuyu. Mbuyu umebaki mashambani kwa sababu haufai. Mti wake ni kama sifongo, umejaa maji. Hauwaki vizuri, haupasuliki mbao, na mchoma mkaa anayejiheshimu hawezi kuugusa. Kuung'oa ni kazi ya tingatinga. Kongwa wanalikumbuka hilo: serikali ya Kiingereza ilipoleta mpango wake wa karanga mwaka 1947, mitambo ilisukuma vichaka na mibuyu kwa hasara kubwa, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Karanga hazikustawi. Mibuyu iliyosalimika bado ipo, na maboga yanapandwa chini yake.

Kwa hiyo kwa mbuyu mkubwa, soko limekuja kuungana na ulinzi ambao ulikuwapo tayari. Mti unaomhitaji mteja kwa dharura ni mwingine: mkwaju. Mkaa wa mkwaju ni mzuri, mzito, unakaa na moto. Mkwaju uliosimama shambani Chamwino au Mwingi una bei mbili kila siku, bei ya ukwaju na bei ya gunia la mkaa, na bei ya mkaa inalipwa leo, haingoji kiangazi. Hapo chupa ya juisi ya ukwaju ina kazi halisi ya kufanya, kwa sababu inashindana na shoka. Ningekuwa natoa mikopo ya usindikaji, swali langu la kwanza kwa kikundi lingekuwa hilo: mti huu msipoununua tunda lake, nani mwingine anausubiri?

Tabora inafundisha zaidi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Huko, mtu akifungua shamba jipya katika miyombo, kuna miti ambayo desturi inamzuia kuigusa. Mitundu na miyombo itakwenda kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, kukausha tumbaku ya mvuke, maana tumbaku hiyo haikauki bila kuni, na kuni zake si za kubeba kichwani. Lakini miti ya matunda itabaki: mfuru utaachwa. Mtonga utaachwa. Mbula utaachwa. Ukipita mashamba ya Urambo na Sikonge utaiona imesimama mmojammoja katikati ya mahindi, na wageni hudhani imesahaulika. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mradi wowote. Watafiti wa kilimo mseto walipofika kuanzia miaka ya 1990 kuwauliza wakulima ni miti gani ya porini wangependa kuwa nayo, hawakuanza na karatasi tupu. Walikuta orodha ambayo jembe na shoka lilikuwa limekwisha kuiandika. Baadaye akina mama wakafundishwa kutengeneza jamu, juisi na mvinyo wa matunda hayo.

Furu, kwa asiyeijua, ni tunda dogo jeusi linaloanguka lenyewe likiiva. Unaliokota asubuhi kabla ya mbuzi. Lina utamu mzito kama wa kitu kilichokaangwa, na kokwa kubwa ambayo inakula nafasi ya nyama kiasi cha kukukatisha tamaa. Jamu yake ni nyeusi tititi. Nimewahi kuila na chapati za asubuhi nikaisahau ile ya dukani. Matonga ni kinyume chake: ganda gumu kama la kibuyu, unalipasua kwenye jiwe, ndani nyama ya njano yenye uchachu mtamu imeshikana na mbegu ambazo mama yako alikukataza kuzitafuna.

Sasa hapa ndipo hesabu inapoingia, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaotafuta "zao moja la mkakati". Kikundi cha usindikaji kina gharama zinazokimbia mwaka mzima: chumba kilichopigwa rangi na kuwekewa wavu, sufuria za chuma kisichoshika kutu, kikaushio cha jua, mashine ya kufunga mifuko, vibali, na vile vifungashio ambavyo kila mjasiriamali mdogo nchini anavililia. Kikitegemea furu peke yake, sufuria inafanya kazi wiki chache, kisha inalala. Mtu aliyefundishwa anarudi shambani, mwakani anafundishwa mwingine. Biashara nyingi za aina hii, nionavyo, hufa kwa usingizi huo wa sufuria zaidi ya kufa kwa kukosa wateja.

Dawa yake ni kalenda. Porini hakuna mwezi ambao kila mti umelala. Kuna ya mvua na kuna ya kiangazi: makusu ya Songea na Iringa huja mvua zikiwa zimekolea, ubuyu na ukwaju ni wa kiangazi kikavu, matonga hukaribia joto la kabla ya mvua mpya. Hakuna kijiji chenye yote, lakini kila kijiji kina zaidi ya moja, na katikati ya mapengo kuna asali. Kikundi chenye matunda manne kinajaza mwaka. Na kikundi kinachonunua matunda manne kinampa mkulima sababu ya kuacha miti minne tofauti. Utofauti wa miti shambani unakuwa mahitaji ya sufuria, hauhitaji semina. Huu ndio mnyororo pekee ninaouona kati ya bidhaa na bayoanuwai ambao haudondoki ukiuvuta.

Ukifuata njia ya zao moja, unaishia kwingine. Miche inayopandikizwa kwa vikonyo vya mti mmoja mtamu hupangwa kwenye mstari, miti mingine inaonekana inaziba jua, na baada ya miaka kadhaa una shamba la mifuru kama lilivyo shamba la mikorosho. Sisemi kupandikiza ni vibaya. Mkusu uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukuweka zaidi ya miaka kumi bila tunda, na uliopandikizwa kikonyo unakupa ndani ya miaka michache. Asiyependa hilo hana watoto wa kusomesha. Nasema tu kwamba mti bora wa kwanza usiwe ndio mti pekee. Na mkusu wenyewe unakataa haraka ya namna hiyo: mche wake haukui vizuri kitaluni mpaka umwekee udongo uliochotwa chini ya mikusu mingine, wenye kuvu ambao mizizi yake huishi nao. Ukimaliza msitu, umemaliza na udongo wa kuoteshea.

Mkusu una somo jingine, la aibu kidogo. Miti yake ina jinsia. Upo jike unaozaa na upo dume usiozaa, kama mpapai dume ambao kila mtu amewahi kuukata nyuma ya nyumba. Mng'ong'o nao ni hivyo, ule ambao Afrika Kusini wanautengenezea kileo cha maziwa kinachouzwa dunia nzima tangu mwaka 1989. Fikiria sasa mkulima mwenye busara zake, ameambiwa makusu yana soko. Anazunguka shamba. Mti huu unazaa, uache. Huu haujawahi kuzaa tangu nianze kuujua, basi ni kuni. Kila mtu kijijini akifanya hivyo kwa akili timamu, majike yanabaki hayana mume, na matunda yanapungua pasipo mtu kujua sababu. Bidhaa imelipa tunda, na kwa kulipa tunda peke yake imekata nusu ya mti.

Morocco wameyaona haya kwa ukubwa wake. Mafuta ya argan, yanayotoka kwenye kokwa ya mti unaoota huko kusini-magharibi mwa nchi, yalipanda bei kwa kasi. Vyama vya ushirika vya wanawake vilisifiwa kila pembe, na UNESCO ilikuwa imeutangaza ukanda wa miti hiyo kuwa hifadhi ya uhai mwaka 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia pesa hizo zilikwenda wapi. Baadhi ya kaya zilinufaika kweli. Wasichana zaidi walivuka kwenda sekondari, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu anyamaze. Lakini kaya nyingine ziliwekeza kwenye kitu ambacho mwanakijiji yeyote wa Dodoma angewekeza: mbuzi. Na mbuzi wa Morocco hupanda juu ya mti wa argan na kuula. Watu wakachuma kwa pupa, kwa kupiga matawi na fimbo, na msitu haukuonyesha nafuu. Bei nzuri ilifika. Mti haukuwa kwenye mkataba.

Kilifi ikatuonyesha upande wa pili. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa kwenye mashamba ya watu, ikafungwa kamba ili isafirishwe kwa meli mpaka Georgia, pwani ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Magazeti yaliandika kwamba wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi laki moja na laki tatu za Kenya kwa mti. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza leseni ichunguzwe na akazungumzia mgao wa haki kwa Wakenya. Kelele zilikuwa nyingi, na wengi wa waliopiga kelele waliwashangaa wakulima. Mimi sikuwashangaa. Mwenye mbuyu alipiga hesabu ya magunia ya mabuyu kwa bei ya lumbesa, akaona atazeeka kabla ya kufikia laki moja. Kama tunataka mbuyu wa Kilifi uwe na thamani ukiwa umesimama, pa kuanzia ni kwenye mizani. Gunia lililoshindiliwa na kuwekewa kilemba ni njia ya kumwambia mwokotaji kwamba sehemu ya tunda lake haina bei. Wakala wa Vipimo Tanzania wanapambana na lumbesa ya vitunguu na viazi. Ya mabuyu sijaisikia ikitajwa.

Halafu kuna suala la nani mwenye mti. Matunda yaliyoanguka, kwa desturi za sehemu nyingi, ni ya yeyote aokotaye, na waokotaji ni wanawake na watoto. Mti wenyewe ni wa mwenye shamba, mara nyingi mwanamume. Siku furu ikipata bei, mojawapo ya mambo mawili hutokea: mwenye shamba anafukuza waokotaji, au anawaacha na haoni senti, naye akitaka nafasi ya mahindi anakata. Kikundi cha usindikaji kinachojua kazi yake hukaa chini na pande zote mbili kabla ya kununua debe la kwanza. Kisipofanya hivyo, ugomvi utakipata kikiwa tayari kimekopa.

Kuhusu serikali nitasema kidogo, kwa kuwa mengi yanajulikana. SIDO, shirika la viwanda vidogo, inafundisha usindikaji, TBS, shirika la viwango, inasimamia ubora, na kati yao mama mwenye chupa arobaini za jamu anatembea na faili. Jamu ya embe inaeleweka mara moja. Akileta jamu ya furu, anaweza kuulizwa furu ni nini. Kuyaandikia matunda ya porini viwango rahisi ni kazi ya mezani, haihitaji bajeti ya barabara.

Narudi kwenye kijimti cha Kongwa. Tatizo lake halisi ni muda. Mbuyu wa porini unaweza kukaa miaka ishirini au zaidi kabla ya kuzaa, na mzee ana miaka sabini. Hakuna bei ya unga wa ubuyu huko Ulaya inayoweza kumfikia kupitia mche huo. Ukimwambia aulinde kwa ajili ya vizazi vijavyo atakuitikia kwa adabu, "sawa mwanangu", na vibarua wataendelea na mstari wao.

Afrika Magharibi wana jibu ambalo hapa tunalo bila kulifanyia hesabu. Senegal na Mali majani ya mbuyu ni mboga ya kila siku. Wanayakausha, wanayasaga, wanayatia kwenye mchuzi na kwenye chakula cha mtama. Kuna wakulima wanaosia mbegu za mbuyu kwenye matuta kama bustani ya mboga, wanachuma majani ya miche, na michache yenye nguvu wanaihamishia shambani iwe miti. Mti mkubwa ukichumwa majani sana hupunguza matunda, kwa hiyo mboga ya tutani inaupumzisha nao. Mche unalipa ndani ya msimu mmoja.

Nilipomweleza mzee haya, aliyejibu alikuwa mkewe, aliyekuwa anaanika mboga juu ya turubai kando ya ghala. "Sisi tunayala miaka yote," alisema. "Machanga yanakuwa na mlenda mzuri." Akanyanyua konzi ya majani makavu, akainusa, akaipitisha kwangu. Nikamuuliza kama ameshawahi kuyauza. Akasema mjini hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi yake tulipoagana nilipita tena kwenye alizeti. Mtu alikuwa amezungushia kijimti matawi matatu ya miiba, na majani mawili ya chini yalikuwa yamechumwa.